Maswali Matatu ya Mama Olivier

Simu ya Mama Olivier ilimkuta Belyse juu ya barafu, magoti yakimtetemeka, mkono mmoja umeshika ukingo wa uwanja na mwingine umemng'ang'ania Shirleen. Ilikuwa Jumamosi alasiri, mwezi wa saba, na jua la kipupwe cha Sydney lilikuwa likiwaka bila kumpasha mtu joto. Muziki ulipigwa kwa nguvu. Watoto wadogo waliwapita wawili hao kwa kasi, wakiteleza kana kwamba hawana mifupa ya kuvunjika, na Belyse alikuwa akicheka mpaka machozi yanamtoka. Alikuwa na miaka ishirini na minane na hakukumbuka lini mara ya mwisho kuanguka kulimfurahisha.

Akavua glavu kwa meno, akatazama jina kwenye kioo cha simu, na kicheko kikamkauka.

Asiyemjua Mama Olivier atasema, simu ni simu tu, ina nini cha kutisha? Basi ajulishwe. Jina lake la ubatizo ni Chibalonza, Mkongo wa Bukavu, jirani wa mama yake Belyse kule Toongabbie, magharibi mwa Sydney, na kiongozi wa kwaya ya kanisa lao. Kazi yake ya mshahara ni kutunza wazee katika nyumba ya wazee. Lakini ana kazi nyingine, ambayo hakuna aliyemwajiri na hakuna awezaye kumfukuza, nayo ni kupeleka habari za misiba. Watu wetu hawaambiani kifo kwa simu. Mtu akiwa njiani, akiwa peke yake, akiwa na njaa, haambiwi. Kwanza anaulizwa yuko wapi, yuko na nani, amekula? Kisha anaitwa nyumbani kwa kisingizio chochote kile, anaketishwa, anapewa maji, na hapo ndipo anaambiwa. Ni utaratibu wa huruma kabisa, na kasoro yake ni moja tu: kila mtu anaujua.

Belyse aliujua kuliko wengi. Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni siku baba yake alipoanguka katika ghala alikokuwa akifanya kazi. Mama Olivier alipiga simu. Uko wapi, uko na nani, umekula? Halafu akasema, "Ngoja, kuna mutu hapa," akampa simu mchungaji, na mchungaji akasema ana kazi ndogo ya kutafsiri, mtoto aje nyumbani. Olivier mwenyewe ndiye aliyemfuata kwa gari. Akamnunulia kuku na chipsi njiani, akamsimulia habari za mpira kutoka chuoni Kensington hadi Toongabbie, na katika safari yote hiyo hakumtazama usoni hata mara moja. Belyse alikula wale kuku. Alikula wote, akalamba na vidole, na alipofika nyumbani akakuta viatu vya watu vimejaa mlangoni. Tangu siku hiyo hajaweza kuwatia mdomoni kuku wa duka lile.

"Allo, Mama Olivier."

"Belyse, mwana. Uko fasi gani?"

"Niko mjini."

"Uko na nani?"

"Niko na rafiki yangu."

"Ulishakula?"

Nyuma ya sauti ile kulikuwa na watu. Hawakuwa wawili watatu. Nyumba ilikuwa imejaa. Mtu alikuwa akianzisha wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini, na mwingine akakohoa kikohozi ambacho Belyse angekitambua popote, kikohozi cha mama yake.

"Nimekula," akasema. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni zaidi ya kahawa. "Mama Olivier, niko bize kidogo. Nitakupigia."

"Mwana, ungelikuja ku nyumba, tuko…"

Akakata. Aliirudisha simu mfukoni, akavaa glavu, na akajikuta amemwachia Shirleen na anateleza peke yake, wima, bila kuanguka, kama mtu aliyezaliwa juu ya barafu. Hofu ina mambo yake.

"Manze, kumbe unaweza!" Shirleen akampigia makofi.

Shirleen alikuwa Mkenya wa Thika, anafanya kazi benki mjini, msichana ambaye akipanga jambo hulipanga kama harusi. Wikendi hii alikuwa ameipanga tangu mwezi wa tano. Mwaka wa fedha wa Waaustralia umefungwa, Belyse amethibitishwa kazini baada ya miezi mingi ya majaribio, kwa hiyo ni lazima, Shirleen alisema, waufaidi mji huu kama watu wanaoishi ndani yake, si kama watu wanaoupita kwenda kazini. Barafu Jumamosi mchana, taa za ufukweni jioni, chakula cha Kichina, kulala kwake Surry Hills, soko Jumapili asubuhi, kisha feri kwenda Manly kuwaangalia nyangumi. Belyse alikuwa na chumba chake na jiko lake Lidcombe, hatua chache kutoka stesheni, na wikendi zake nyingi ziliishia Toongabbie kwa mama yake akikuna karoti na kusikiliza mahubiri. Alikuwa ameisubiri wikendi hii kwa hamu ambayo hata aliona aibu kuitaja.

Sasa akaanza kupiga hesabu, na hesabu ya namna hii haihitaji karatasi. Mama yake yu hai, amemsikia akikohoa. Lakini si mama aliyepiga simu, na mfiwa hapigi simu, wengine ndio humpigia. Kwa hiyo aliyekufa ni mtu wa mama. Alipotoka kwenye barafu na kuketi kuvua vile viatu vizito, simu ikalia tena, na jina lilikuwa la kaka yake mdogo, Rénovat, fundi umeme, kijana wa miaka ishirini na tatu. Basi naye yu hai. Belyse aliiangalia ile simu ikitetemeka juu ya benchi mpaka ikanyamaza. Rénovat amelelewa huku. Kiswahili anakisikia, anajibu kwa Kiingereza, na hana subira na mizunguko ya wazee. Huyo angesema kitu moja kwa moja. Kwa sababu hiyo hiyo ndiye aliyekuwa wa kuogopwa kuliko wote. Hakuipokea.

Alibaki mmoja. Alibaki Bibi.

Bibi alikuwa Makamba, kusini mwa Burundi, katika nyumba ya bati waliyomjengea kwa fedha za kutoka huku. Kabla ya hapo alikuwa katika kambi ya wakimbizi ya Kasulu, na huko ndiko alikomlea Belyse mgongoni mwake wakati mama mtu anaugua. Ndege ilipowachukua kuja Australia, Bibi hakuwa katika kesi yao ya ukimbizi. Belyse alikuwa na miaka kumi. Alimshika Bibi kanga akamwambia, usilie, nitakuja kukuchukua, na Bibi akamjibu, kwanza ule, ukue, ndipo uje. Alikula, akakua. Kila mwaka alisema mwaka huu nitakwenda, na kila mwaka kulikuwa na mtihani au kazi ya majaribio. Safari hii alikuwa amekwisha kukata tiketi ya mwezi wa kumi na mbili.

Watu husema la kuvunda halina ubani. Belyse hakutaka kulisikia likivunda. Ilimjia fikra, akaishika kama mtu anavyoshika kamba juu ya kisima: maadamu hajaambiwa, Bibi hajafa. Kule Makamba ameketi mlangoni anachambua maharage. Ataendelea kuyachambua mpaka mjukuu wake afike Toongabbie na kuketishwa na kupewa maji. Basi dawa ni kutofika Toongabbie.

"Tunaenda wapi sasa?" akamuuliza Shirleen.

"Si tupumzike kwanza? Miguu inaniuma."

"Tutapumzika tukizeeka. Twende."

Na kweli walikwenda. Shirleen, aliyekuwa amepanga wikendi nzima ya kumvuta rafiki yake, sasa alijikuta anavutwa yeye. Walizunguka ufukweni, wakapanda lile gurudumu kubwa, wakapiga picha kwenye madaraja, wakaingia katika duka la makoti ambayo hayanunuliki na kuyajaribu yote. Belyse alicheka kwa sauti mahali ambapo hakukuwa na kichekesho. Walinunua chokoleti ya moto, naye akakishika kikombe kizima mikononi mpaka ikapoa, kisha akakiacha juu ya ukuta. Kila mwanamke mwenye kitambaa kichwani aliyetokea mbele yao katika umati alimshtua moyo. Alidhani ni mtu wa kanisani, ametumwa kumtafuta. Taa zilipowashwa, za buluu na za zambarau juu ya maji, watu wakasema aah, na yeye akasema aah.

Katika kazi yake, Belyse alikuwa ndiye mpeleka habari mbaya. Kampuni yake ya bima iko Parramatta, na kila dhoruba ya kipupwe ikipita na kung'oa mapaa, yeye huwapigia watu simu kuwaambia bima yao inalipa au hailipi. Aliyemfundisha kazi alimwambia neno moja: habari mbaya iwe katika sentensi ya kwanza, usimwache mtu ananing'inia. Belyse alikuwa hodari kwa hilo. Wateja walimshukuru hata alipowanyima. Jioni ile, katikati ya taa zile, aliona kwamba laiti Mama Olivier angekuwa mfanyakazi wa bima, mambo yangekwisha saa nyingi. Kisha akashukuru kwamba si mfanyakazi wa bima.

Simu ya pili ilikuja wakiwa mezani Haymarket, bakuli la tambi linafuka mbele yake na vijiti havijaguswa. Jina lile lile. Shirleen akaliona.

"Si uchukue hiyo simu? Ama ni mtu unadaiwa?"

Belyse akapokea, kwa sababu kutopokea mbele ya mtu ni sawa na kukiri.

"Mwana, ulifika nyumbani kwako?" Mama Olivier alikuwa anaongea polepole, kwa sauti kubwa, kama anayeongea na kiziwi, na sauti yake ilikuwa na mwangwi wa ajabu. "Uko fasi gani?"

"Bado niko mjini, Mama."

"Uko na nani?"

"Niko na Shirleen, rafiki yangu. Ni mtu mzuri."

"Ulishakula?"

"Nimekula, Mama Olivier." Alisema kwa sauti kubwa na yeye, bila kujua kwa nini, macho yamekazia lile bakuli. "Nimekula vizuri, nimeshiba. Niko sawa. Msiwe na wasiwasi na mimi."

Upande wa pili kulikuwa na mkwaruzo, kama kitu kinachoburuzwa juu ya meza. Halafu Mama Olivier akasema, "Ngoja sasa, kuna mutu hapa…"

Belyse akakata. Alibonyeza kitufe cha kuzima, akakishikilia mpaka kioo kikawa cheusi, akaitupa simu chini kabisa ya mkoba wake. Shirleen aliweka vijiti chini.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Betri imeisha."

Usiku ule alilala kwa Shirleen, au tuseme alilala macho. Kila gari lililopunguza mwendo chini ya dirisha lilikuwa la Olivier, na ndani yake kuna kuku na chipsi.

Jumapili walikwenda sokoni, wakaonja jibini la kila namna, yaani Shirleen ndiye aliyeonja. Kwenye feri upepo ulikuwa mkali wa kukata masikio. Abiria wengine walikimbilia ndani, lakini Belyse alisimama nje, nyuma kabisa, akiutazama mji unavyokwenda mbali. Toongabbie ilikuwa huko nyuma ya majumba yale marefu, upande wa magharibi, na kila dakika ilikuwa inazidi kuwa mbali. Hilo lilimpa nafuu, na nafuu ile ikamtia hofu mpya, maana alijua feri hurudi.

Manly walinunua samaki na chipsi, wakapanda basi hadi juu kwenye rasi, ambako watu wazima na darubini zao walikuwa wamejipanga kwenye uzio wakitazama bahari. Shirleen alimaliza wake. Akatazama karatasi ya Belyse, samaki amepoa, mafuta yameganda.

"Belyse. Jana hukukula. Leo hujakula. Umezima simu tangu jana, na hiyo betri niliicheki mimi mwenyewe, ilikuwa nusu. Niambie ukweli. Ni mwanamume?"

Belyse akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia. Akamweleza. Akamweleza habari za ile ghala, yule mchungaji, yale maswali matatu, na jinsi nyumba ilivyojaa watu wanaoimba. Akamweleza habari za Bibi.

"Kwetu mtu akifa unaonea kwa status," Shirleen akasema. "Picha na mshumaa, kabla hata hujapigiwa. Uliangalia status?"

"Niliangalia. Hakuna aliyeweka kitu. Wamenificha mimi, ndiyo maana."

"Ama hakuna msiba."

"Humjui Mama Olivier."

Shirleen akasukuma jani kavu kwa ncha ya kiatu. Hakuwa mtu wa maneno mazito, na alipoyasema aliyasema akitazama baharini. "Sawa. Tuseme ni msiba. Wewe uko huku unaogopa kuambiwa. Na mama yako? Yeye alishaambiwa. Analia na nani?"

Hapo watu kwenye uzio wakapiga kelele. Mbali, maji yalikuwa yamefunguka, na mgongo mweusi ukapanda taratibu, ukapumua moshi, ukazama. Shirleen akamvuta mkono aone. Belyse aliuona, mkubwa na wa pole, akijua kwamba kwa siku nyingine yoyote angeufurahia maisha yake yote. Sasa hivi alikuwa akifikiria mama yake tu, na kile kikohozi, na aibu ilimjaa mpaka shingoni.

"Naenda nyumbani," akasema.

Treni ya magharibi ilikuwa imejaa watu waliochoka na mifuko ya manunuzi. Lidcombe, stesheni yake, milango ikafunguka, akaona ngazi anazozipanda kila siku. Moyo ulimwambia ashuke tu, aende aoge, aje kesho. Akashika chuma cha kiti mpaka milango ikafungwa. Auburn ikapita, na Granville, na Parramatta na ofisi yake yenye taa chache. Giza lilikuwa limekwisha kuingia, kama linavyoingia mapema mwezi huo, na katika kioo cha dirisha aliuona uso wake mwenyewe. Akaanza kujizoeza la kusema. Alitaka akiingia aseme yeye, katika sentensi ya kwanza, ili wasihangaike kumketisha na kumpa maji.

Viatu vilikuwa mlangoni. Vya kanisani, vya kazini, raba za Rénovat, ndala za watoto wa jirani. Alivua vyake akavipanga pembeni, vizuri, kana kwamba huo ndio uliokuwa wajibu wake mkubwa. Ndani hawakuwa wakiimba tena.

Mama Olivier alikuwa wa kwanza kumwona. Alisimama, mnene, kitenge kimekaza kifuani, macho mekundu, akanyoosha mikono yote miwili. "Mwana. Karibu. Kaa kwanza."

"Najua," Belyse akasema, bado amesimama. "Msinizungushe. Bibi amefariki. Najua tangu jana."

Watu wote wakamgeukia. Mama yake, Anésie, alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, mgongo ukutani, kitambaa kimeshuka mabegani. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kusoma kitu kilichoandikwa mbali.

"Tangu jana?" akasema. "Jana nani alikwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Mama Olivier alinipigia. Aliuliza niko wapi, niko na nani, nimekula. Mimi si mtoto, Mama. Nayajua maswali hayo."

Mama Olivier akaweka mkono mdomoni, akaketi.

"Belyse," mama yake akasema. "Jana Bibi yako alikuwa hai."

Jikoni bomba la maji lilikuwa likitiririka, na mtu akalifunga.

"Alizidiwa Ijumaa. Jana kulipokucha kwao alipata nguvu, akasema anataka kuwaraga wajukuu zake. Unajua desturi. Mzee anaita mmoja mmoja, anampa neno lake la kuaga, na mtu analipokea akiwa ameketi, nyumbani, na watu wake pembeni. Rénovat alikaa hapa mkekani. Watoto wa mama yako mdogo walikuja. Wote walipata neno. Ukabaki wewe."

"Kwa nini hamkuniambia?" Belyse akauliza.

"Uko njiani, peke yako, uambiwe Bibi yako anaaga? Ukigongwa na gari? Tulitaka uje kwanza." Mama akapangusa uso. "Lakini alikuwa na haraka, alichoka. Akasema basi hata kwa simu, mniletee sauti yake. Simu yangu ilikuwa hewani na yeye, Makamba. Mama Olivier akakupigia kwa yake, akazilaza simu zote mbili mezani, mdomo kwa sikio. Yale maswali ya simu ya jioni hayakuwa ya Mama Olivier. Ni Bibi aliyekuwa akiuliza. Muulize yuko wapi. Muulize yuko na nani. Muulize kama amekula."

Belyse akashika mlango.

"Kila mara ni hayo matatu tu," Mama Olivier akasema, akilia wazi sasa. "Minasema, Bibi, ongea weye mwenyewe. Anasema, kwanza nijue kama ameshiba, maneno mazito hapewi mtu mwenye njaa. Ulivyosema umekula, mwana, alifurahi. Alicheka kabisa, sisi wote tulisikia. Ndipo nikasema ngoja, kuna mutu hapa."

"Na mimi nikakata."

"Ilikatika," mama yake akasema haraka. "Tulimwambia ni network. Akasema basi, kama yuko na mtu mzuri na ameshiba, asisumbuliwe, atangoja kesho. Tukajaribu tena na tena. Rénovat alikwenda hadi Lidcombe kukugongea mlango. Leo mchana, kule ndio kunapambazuka, akalala."

Leo mchana. Belyse alikuwa kwenye uzio, ameshikwa mkono, anatazama bahari.

"Neno langu," akasema. "Alilisema? Alikuachia wewe?"

Mama yake alitikisa kichwa. Hakumdanganya, na Belyse alijua angetamani kumdanganya. "Alisema ni la kwako. Alilihifadhi."

Hapo akaanguka, na wale aliowakimbia siku mbili ndio waliomdaka. Wakamketisha kwenye mkeka pembeni ya mama yake. Mtu akampa maji. Rénovat akaja akakaa nyuma yake, akamwekea paji la uso begani. Belyse alilia kwa sauti ambayo tangu utoto hakuwahi kuitoa, na mama yake akamshika kichwa akakilaza mapajani, wakalia pamoja, na wanawake wakaanza tena wimbo wao wa chini.

Muda ukapita. Mama Olivier alikwenda jikoni akarudi na sahani ya wali na maharage, mvuke unapanda. Akainama kwa taabu, magoti yakimlia, akaiweka mbele yake. Alitaka kusema kitu, akasita, maana aliyaogopa maneno yake mwenyewe. Lakini hakuwa na mengine.

"Mwana. Ulishakula?"

Belyse aliitazama ile sahani.

"Hapana, Mama," akasema. "Sijala tangu jana."